Moshi wa kahawia ni asidi uliyoilipia

Asidi ya nitriki ya kusafishia dhahabu ni ghali, na wengi huimaliza kwa haraka zao. Wanaimwaga yote kwa mkupuo mmoja juu ya vipande vya mkufu, chombo kinafoka, moshi wa kahawia unapanda, nao wanaona kazi inaenda. Inaenda, lakini moshi ule ni asidi waliyoinunua.

Nitriki peke yake haili dhahabu. Inakula fedha na shaba zilizochanganywa nayo, na dhahabu ikiwa nyingi huzikinga zisifikiwe. Ndiyo maana sonara huyeyusha dhahabu pamoja na fedha mpaka dhahabu ibaki robo. Gramu 10 za karati 18 zina dhahabu gramu 7.5, ongeza gramu 20 za fedha, umefika. Usitumie shaba eti kwa kuwa ni rahisi: gramu yake moja hunywa asidi zaidi ya mara tatu ya gramu ya fedha. Fua mchanganyiko uwe mwembamba, ukate vipande vidogo.

Sasa zimua asidi kwa maji, nusu kwa nusu, ukimimina asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume. Tuseme zile gramu 2.5 nyingine za mkufu zilikuwa shaba tupu. Kwa hesabu ya kemia, kazi nzima ingekula kama mililita 33 za asidi ya asilimia 70 ikiwa kali. Ikizimuliwa vizuri hushuka kuelekea 22. Pasha moto kidogo, weka asidi kidogo kidogo, ngoja mapovu yatulie ndipo uongeze. Mapovu yakikoma na bado kuna fedha au shaba haijaliwa, hapo ndipo asidi imekwisha.

Maji ya kisima cha pwani yaache. Chumvi yake hugeuza fedha kuwa ukungu mweupe kama tui. Na dukani ukiuziwa "maji ya betri", soma kibandiko: huenda ni tindikali ya salfuriki.

Kinachobaki chini ni unga wa kahawia usiovutia hata kidogo. Ndiyo dhahabu, ioshe mara kadhaa, iyeyushe. Yale maji ya asidi usiyamwage: tumbukiza kipande cha shaba, fedha itajishika juu yake kama manyoya ya kijivu, utaitumia tena. Kisha weka vipande vya chuma vitoe shaba, malizia na chokaa. Mtaroni hayaendi.

Haya yote ni ya nje, upepo ukiwa mgongoni, glovu na miwani vikiwa vimevaliwa, watoto mbali. Kitambaa puani hakizuii gesi hii ya kahawia. Aliyeivuta anaweza kujisikia mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji. Mpelekeni hospitali akiwa bado anatembea, na mwambieni daktari ni moshi wa nitriki.