Kuthubutu Si Kamari: Somo Kutoka Soko la Nakivale



Ndugu zangu, sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu huulizwa swali moja kila likizo: utafundisha madrasa gani? Kufundisha ni kazi ya heshima. Lakini kwetu Nakivale swali hilo lina uzito wa ziada. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa familia za wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi lililohesabiwa kuwa linajitegemea likaondolewa kwenye mgao. Katika nyumba kama hiyo, mshahara wa uhakika ndio chakula. Je, kijana ana haki ya kujaribu njia asiyoizoea?

Swali hilo nililipeleka kwa mzee mmoja wa Base Camp, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Kwa miaka mingi amenunua mahindi na maharagwe ya wakulima wa Rubondo na Juru na kuyauza Mbarara. Likizo iliyopita nilifuatana naye, na nikajifunza mambo matatu.

Kwanza, uliza kabla ya kutoa pesa. Mzee huingiza mkono hadi chini ya gunia, hutafuna punje kujua kama zimekauka, kisha hupigia simu wanunuzi wawili wa Mbarara. Akaniambia, "Mwanangu, kutojua si ushujaa." Darasani jambo hili tunaliita gharari. Wanazuoni hutoa mfano wa kuuza samaki aliye bado majini, nasi wa kando ya Ziwa Nakivale tunauelewa vizuri. Sheria haikukataza kuthubutu. Imekataza kuuziana kisichojulikana. Kwa hiyo udadisi ni sehemu ya uhalali wa biashara.

Pili, anza na unachoweza kukikosa. Mzee alianza na gunia moja, na mpaka leo haingizi karo ya watoto kwenye mzigo. Hapa nilimkumbuka Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alifika Madina akiwa muhajiri, na Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Akaenda soko la Banu Qaynuqa na kuanza na samli na jibini.

Tatu, faida humfuata anayebeba dhamana. Hii ni kanuni ya fiqhi yenye asili katika hadithi. Katika mudharaba, mtaji ukipotea bila uzembe, mwenye mtaji hubeba hasara hiyo, na mfanyakazi hukosa malipo ya jasho lake. Mcheza kamari naye hupoteza, lakini hakulima, hakusafirisha, hakumhudumia mtu.

Haya yanahusu kazi zetu pia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri nchini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliruhusu benki za Kiislamu Uganda, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni. Kazi hizo zinahitaji watu wanaojua fiqhi ya miamala na pia hesabu. Mimi nimeamua hivi: likizo ijayo nitafundisha madrasa asubuhi ili nyumbani wasilale njaa, na mchana nitajifunza kuweka hesabu katika duka la nafaka Mbarara. Nikishindwa, nitakuwa nimepoteza mchana wa miezi miwili tu.

Ndugu msomaji, kabla likizo haijafika, fanya mambo matatu. Mtafute mtu mzima anayefanya kazi unayoitamani, umuulize hasara yake kubwa ilitoka wapi. Pima muda na pesa unavyoweza kuvikosa bila kuwaumiza wazazi. Kisha swali istikhara, funga ngamia wako, na umtegemee Allah.

Allah atufungulie milango ya rizki ya halali. Amin.