Hasira na Wasiwasi Kabla ya Hedhi

Akina mama wengi wa Kilwa na Lindi hupatwa na wasiwasi, hasira au kilio siku chache kabla ya kuingia mwezini. Maziwa huuma, tumbo hujaa, usingizi hupotea. Nyumbani huambiwa wana jini, au wana roho mbaya. Sivyo.

Yai likishatoka, mwili hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo projesteroni. Mimba isipotungwa, homoni hiyo hupungua, na estrojeni pia. Ubongo wa baadhi ya wanawake huyahisi sana mabadiliko hayo. Hedhi ikianza, hali hupoa.

Kwanza ni kuhesabu. Mama anayechokoa pweza Songosongo anazijua siku za bamvu bila kuuliza. Basi na ahesabu vivyo hivyo siku zake. Kwa miezi 2 aandike siku za hedhi na siku za wasiwasi. Asiyejua kuandika achore alama za mkaa ukutani. Wasiwasi ukiwa wa mwezi mzima, huo ni ugonjwa mwingine, nao una tiba yake.

Hali ikimshinda, aende hospitali na hesabu yake. Daktari anaweza kumpa fluoksetini, hata kwa siku 14 tu kabla ya hedhi. Wengine husaidiwa na aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango. Diazepamu ya kujinunulia dukani isitumiwe: mwili huizoea, na kuiacha ni taabu.

Anayewaza kujiua asingoje hiyo miezi 2. Apelekwe siku hiyo hiyo.