Kibaba, Kisaga, Pishi: Kujua Mwanao Amejifunza Nini Mwaka Huu

Shule ikifungwa muhula wa tatu, swali letu la kwanza huwa ni "Umekuwa namba ngapi?" Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza 2019 kwenye madarasa ya chini, haupangi watoto hivyo. Ripoti husema mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Mzazi wa Samburu hii yetu ya Kwale anayeshika karatasi hiyo ana haki ya kuuliza: matarajio gani? Basi siku ya kufunga, muulize mwalimu wa darasa: ni kipi mwanangu anakifanya peke yake, na ni kipi hakiwezi mpaka asaidiwe?

Kisha mpime mwenyewe nyumbani. Wewe uliyekosa shule pia unaweza, na pengine utampima vizuri kuliko aliyesoma.

Anza na kusoma. Mradi wa Uwezo, ulioanza 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwafuata watoto majumbani na kuwapima kwa ngazi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wengi wa darasa la tatu walishindwa na hadithi hiyo. Ngazi hizo zitumie hapo uani kwa kitabu cha zamani cha nduguye. Akikwama kwenye aya, mrudishe kwenye maneno, akae hapo siku kadhaa. Usimkemee, maana mtoto anayekemewa hujifunza kubahatisha.

Akimaliza hadithi, funga kitabu, amsimulie bibi yake kwa Chiduruma, lugha yetu ya nyumbani. Hapa ndipo penye kipimo chenyewe. Wako watoto wanaotamka Kiingereza vizuri mno na hawajui aliyetajwa ni nani wala amefanya nini. Bibi hajauona ukurasa, kwa hiyo hana namna ya kumjazilizia. Akiuliza, "Sasa yule fisi alikwenda wapi?" na mtoto akamjibu, basi amesoma. Akibabaika, arudi kwenye ukurasa atafute jibu, halafu aendelee kusimulia.

Hesabu iko ghalani. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Maana yake kibaba ni robo ya pishi na kisaga ni nusu. Mtoto aliyefundishwa sehemu ubaoni mpe mahindi apime: nusu pishi ukiongeza robo pishi, ni vibaba vingapi? Aseme kwanza, ndipo amimine ajihakikishie. Maji tusiyamwage kwa mazoezi, huku kwetu yana thamani. Mwulize tu: mtungi wa lita 20 ukijaza vikombe vya nusu lita, vitakuwa vingapi? Na tukitumia mitungi minne kwa siku, wiki nzima ni lita ngapi? Akikuambia 560, mwulize amefikaje. Njia yake ndiyo itakayokuonyesha kama ameelewa.

Likizo hii huangukia msimu wa vuli, nao ni darasa tosha la hali ya hewa. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka na kitako bapa, liwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na mti, lizungushiwe miiba mbuzi wasilipindue. Kila asubuhi saa ile ile, mtoto atumbukize rula asome milimita, aandike na tarehe, kisha alimwage. Angalia rula yenyewe: nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri, nayo huharibu kipimo, ikate au tumia kijiti kisha ukipime. Siku kavu aandike 0. Katika nchi kavu kama hii yetu, sifuri nayo ni habari, na mtoto anayeiruka hajaweka kumbukumbu.

Robo saa au nusu saa kwa siku inatosha, jua halijakuwa kali au mbuzi wakishaingia zizini. Wasichana wapate muda huo huo sawa na wavulana. Kazi ya maji na jikoni ikimbana binti tangu alfajiri, mwenzake amshikie mtungi.

Daftari la mwaka huu lisiwashiwe moto wala kufungiwa chumvi. Januari libebwe shuleni pamoja na kumbukumbu za mvua, na mwalimu mpya aonyeshwe ukurasa ambapo mtoto alikwama, ili ajue pa kuanzia naye.