Matengenezo ya Mbele ya Basi Kuukuu: Dai Kuoneshwa Kabla ya Kulipa

Basi dogo lililobeba abiria kwa miaka mingi baina ya Mkoani, Chake Chake na Wete hufikia wakati usukani ukalegea, gari likavuta upande, na kila shimo likagonga kama nyundo. Jawabu la haraka la gereji huwa ni kwamba shokapu zimekufa. Mmiliki huagiza mpya, pengine kwa meli kutoka Unguja au Dar es Salaam, akalipa na ufundi. Kisha usukani ukabaki vilevile.

Shokapu haibebi uzito. Uzito hubebwa na springi, na shokapu huizuia springi isiendelee kuruka baada ya tairi kupita shimoni. Ikichoka huvuja mafuta na gari huyumba kama jahazi. Usukani kulegea ni dalili ya mahali pengine: kingpini, biringi za gurudumu au ncha za tairodi. Gari likivuta upande, pima kwanza upepo wa matairi, jambo lisilogharimu kitu.

Mtumiaji ana haki ya kuoneshwa ubovu. Mwombe fundi ainue ekseli ya mbele na kuiegemeza juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake haitoshi. Ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, msaidizi akanyage breki, kisha litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, biringi ndiyo yenye kasoro. Ukibakia, tazama kingpini. Baada ya hapo alishike tairi kushoto na kulia huku msaidizi akizitazama ncha za tairodi. Kazi hii ni ya dakika chache, na fundi anayekataa kuifanya mbele ya mwenye gari hastahiki, kwa maoni yetu, kukabidhiwa gari la abiria. Ncha ya tairodi ikichomoka kwenye mteremko, gurudumu halimtii tena dereva.

Kingpini ndiyo kazi yenye gharama na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Bushi mpya hukerezwa hadi pini iingie bila kulegea wala kubana, hivyo uliza mapema kazi hiyo itafanyiwa wapi na kwa kifaa gani. Bushi iliyogongwa kwa nyundo na kusuguliwa kwa msasa itacheza tena upesi. Baada ya hapo hudumu kwa grisi, na kipuri kisichopata grisi hakina ubora utakaokiokoa. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Ncha ya tairodi iliyotumika isinunuliwe kamwe, hata ikiwa bei yake ni nusu. Ikibadilishwa ncha, mwelekeo wa magurudumu lazima upimwe upya, la sivyo matairi mapya yataliwa upande.

Patana pia, kabla kazi haijaanza, kwamba kipuri kilichotolewa utarejeshewa wewe. Risiti itaje jina la kipuri, kama ni kipya au kilichotumika, bei yake mbali na ujira wa fundi, tarehe, kilomita zilizosomeka na muda wa dhamana. Pakitokea mgogoro usiomalizika gerejini, mlalamiko unaopelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar uambatane na risiti hiyo pamoja na kipuri cha zamani, kikiwa hakijasafishwa.