Niliyojifunza kwa Kulifuatilia Neno "Nice"

Nafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita, na hakuna neno ninalolizungushia kalamu nyekundu kwenye insha kama "nice". Mhusika ni "nice", mandhari ni "nice", mwisho wa riwaya nao ni "nice". Nililichimba ili niwaeleze wanafunzi kwa nini halitoshi, na kadiri nilivyolichimba ndivyo nilivyozidi kuliheshimu.

1. Sifa inaweza kuzaliwa ikiwa tusi. Mzizi wa neno hili ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne ya kukanusha, na scire, kujua, kitenzi kilekile kilichozaa neno sayansi. Katika Kifaransa cha kale likawa "nice", likimaanisha mjinga au mpumbavu. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na maneno yake yakamiminika katika Kiingereza. Hili liliingia mnamo mwaka 1300, na upumbavu wake wote. Enzi za Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, ungemwita mtu "nice" ukimaanisha kwamba ni juha.

2. Maana hutembea, hairuki. Wanafunzi huniuliza juha anageukaje kuwa mtu wa kupendeza, nami huwachorea safari hiyo ubaoni. Juha hupenda makuu na mapambo; neno likawaangukia wapenda anasa. Mpenda anasa huchagua mno, hiki hali, kile hagusi. Likawa la mtu mchaguzi. Mchaguzi huona tofauti ndogondogo zinazowapita wengine. Likawa la umakini na usahihi. Kilichotengenezwa kwa umakini huridhisha, na kufikia miaka ya 1760 likaanza kumaanisha kupendeza, basi. Kila hatua ni fupi, lakini jumla yake ni kutoka tusi hadi sifa. Tena hatua hizo hazikupangana foleni; maana tatu nne ziliishi pamoja kwa muda mrefu. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wenyewe walieleza kwamba katika mifano mingi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi. Jambo hilo huwatuliza sana wanafunzi wangu: kumbe hata mabingwa hufika mahali wakasimama.

3. Tazama mwaka kwanza, kamusi baadaye. Katika Romeo and Juliet, mtawa Laurence akipata habari kwamba barua yake haikumfikia Romeo, anasema barua ile haikuwa "nice". Mwanafunzi mmoja alinyosha mkono: "Mwalimu, kwani barua ilikuwa mbaya?" Kwa maana ya leo, swali lake lilikuwa la haki kabisa. Hapo, hata hivyo, neno linamaanisha jambo dogo lisilo na uzito. Mtawa anasema barua ilibeba mambo mazito, na kutofika kwake kunaweza kuleta balaa. Ukikosa maana hiyo, hofu yake yote inakupita. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inazungumzia usahihi, uchaguzi na wororo. Maana tuliyoizoea sisi haimo.

4. Malalamiko yangu yana zaidi ya miaka 200. Katika Northanger Abbey ya Jane Austen, iliyochapishwa mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kukiita kitabu "nice". Kwake, neno lililokuwa la unadhifu na ustaarabu sasa linasifia kila kitu. Tangu nisome kurasa zile silikati tena neno hili, huandika pembeni, "Kwa namna gani?" Binti mmoja alinirudishia insha ambamo yule mhusika "nice" amekuwa mwanamke anayemsikiliza mama mkwe wake hadi mwisho bila kumkatiza, hata chai ikapoa. Sasa nilimwona.

5. Ndugu wa tumbo moja hawafuati njia moja. Kihispania kina necio, kutoka nescius hiyohiyo, na mpaka leo ni mpumbavu. "Silly" ya Kiingereza ilikwenda kinyume: zamani ilimaanisha mwenye heri, sasa ni mjinga. Nasi tunayo "poa" yetu, iliyotoka kwenye uji na homa ikawa jibu la salamu.

6. Maana ya zamani bado inafanya kazi. Hili huwasisitizia wanaokwenda kusomea sheria, kwa sababu watasoma hukumu nyingi za Kiingereza. Jaji akiandika kwamba shauri limeibua "a nice point", haisifii hoja kwamba inapendeza. Anasema tofauti iliyopo ni nyembamba, na kuiamua kunataka makini.