Risasi Imekwenda Wapi? Kupiga Yadi 100 kwa Bunduki ya Hewa

Ukikosa shabaha iliyo yadi 100, mkono unakimbilia kuzungusha tareti, lile gurudumu dogo juu ya darubini. Uzuie. Risasi ambayo hukuona ilikotua haina la kukufundisha. Ukirekebisha kwa kubahatisha unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na baada ya hapo hutajua tena lipi ni la nani: la upepo, la bunduki, au la kidole chako.

Ninaishi Uingereza. Huku, mtu mzima hahitaji cheti cha silaha kumiliki bunduki ya hewa isiyozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kidogo. (Scotland wana sheria yao: tangu mwisho wa 2016 wanataka cheti hata kwa hizo.) Ndiyo maana wengi wetu klabuni tunapiga kwa nguvu hiyo ndogo, na shabaha za mashindano ya uwanjani hukomea yadi 55. Yadi 100 ni ukorofi wetu wenyewe wa jioni, watu wakishamaliza mambo ya maana. Lakini ukorofi huo ndio ulionifundisha kusoma risasi.

Tazama hesabu yenyewe. Risasi ya .177 ina uzito wa nusu gramu na ushee, na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde. Kufika yadi 100 inakaa hewani kama nusu sekunde, na inakuwa imeshuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu. Upepo wa mita 1 kwa sekunde, ule ambao hautikisi hata jani, ukipiga kutoka ubavuni unaisukuma kando kwa karibu sentimita 12. Kwa hiyo bunduki nzuri mikononi mwa mpigaji mzuri itakosa, na itakosa mara nyingi. Kinachotofautisha watu ni nani anajua alikosea upande gani na kwa kiasi gani.

Basi anza kwa kujiwekea mazingira ya kuona. Karatasi haifai kwa kazi hii. Tundu la milimita nne na nusu kwa umbali ule utalitafuta mpaka macho yatoke machozi, na risasi iliyopita nje ya karatasi hutaiona kabisa. Mimi natumia bamba la chuma pana, nalipuliza rangi nyeupe ya kopo, ile ya bei rahisi isiyong'aa. Risasi ikigonga inaacha alama ya kijivu unayoiona vizuri darubinini. Kila baada ya mipigo michache, mwenzako anayekutazamia asipojua tena alama ipi ni mpya na ipi ni ya zamani, simamisheni upigaji uwanja mzima, nendeni mkapulize upya. Nyuma ya bamba pawe na tuta la udongo la kuzuia risasi, na mbele ya tuta hilo tunamwaga mchanga mkavu wa kujengea. Udongo wa huku una unyevu mwaka mzima. Unameza risasi kimya kimya. Mchanga mkavu unarusha vumbi, na vumbi ndilo linalokuambia risasi iliyokosa bamba ilipitia wapi. Miwani ya kukinga macho ni lazima hata kwa anayetazama tu, na bamba linaning'inizwa likiinamia mbele kidogo ili vipande viangukie chini.

Halafu jifunze kuiona risasi yenyewe ikiruka. Watu wengi hawaamini mpaka waone. Jua likiwa nyuma yako, hasa la jioni, kitako cha risasi kinang'aa kama cheche: inaingia kwenye darubini kutoka chini, inapanda juu ya shabaha, inaelea kidogo, kisha inaanguka. Punguza ukuzaji wa darubini hadi mara 10 au 12. Ukiuweka mara 24 utaona shabaha kubwa, lakini safari ya risasi itakuwa nje ya duara. Usiachie kifyatulio haraka wala kuinua shavu; kaa hivyo hivyo, jicho wazi, mpaka usikie chuma kinalia. Bunduki ya mtungi wa hewa inatulia vya kutosha kwa hili. Ya springi inaruka mbele na nyuma, na hapo utamtegemea zaidi mwenzako.

Mwenzako huyo akae nyuma yako kabisa, darubini yake ikiwa juu ya bega lako, si pembeni. Akikaa pembeni ataona risasi inayopinda hata kama haikupinda. Na mkubaliane lugha kabla ya mpigo wa kwanza. Mimi hupiga na rafiki mmoja wa Mombasa, na tulishaelewana kwamba yeye anataja risasi ilipogonga, si ninapotakiwa kulenga.

"Kushoto moja nukta mbili, chini nukta tano," anasema.

"Upepo?"

"Ule ule, kaka. Piga."

Hakuna "kushoto kidogo" hapo. Kidogo chake si kidogo changu. Wala hatutaji sentimita, maana darubini zetu zote mbili zina mistari ya mil, kipimo cha pembe, na mil ni ile ile kwake na kwangu. Kabla hajafungua mdomo, mimi nimeshatangaza msalaba wa darubini ulikuwa wapi kifyatulio kilipoachia. Nikisema "kulia" naye akisema "kulia", bunduki haina kosa wala upepo hauna kosa. Niliivuta mwenyewe, na hakuna cha kurekebisha. Tabia hii peke yake inapunguza nusu ya marekebisho yasiyo na maana.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi fupi. Ikiwa risasi imegonga mil 1.2 kushoto na 0.5 chini ya katikati ya msalaba, itafute nukta hiyo hiyo kwenye mistari ya darubini, iweke juu ya shabaha, piga. Usifanye hesabu za sentimita kichwani. Kwa yadi 100 kliki moja ya 0.1 mil ni kama milimita 9, lakini ukianza kugawa na kuzidisha upepo utakuwa umeshageuka. Kanuni yangu ni kwamba upepo naushikilia kwa msalaba, na mwinuko naupa tareti. Mwinuko haubadiliki kila dakika, hivyo ukishazungusha unabaki pale. Ila siuzungushi kwa sababu ya risasi moja. Napiga tano, natazama katikati yake, ndipo naigusa tareti. Ukiwa umeweka darubini sawa kwa yadi 30, tarajia kuhitaji mil 8 hadi 9 juu kufika yadi 100. Darubini nyingi za bei nafuu hazina nafasi hiyo kwenye tareti, na itabidi uweke vishikilio vya darubini vilivyoinama.

Sasa tazama umbo la mipigo kwenye bamba, maana linasema zaidi ya risasi moja moja.

Mipigo iliyopangana juu na chini ni suala la mwendo. Tofauti ya mita 3 tu kwa sekunde kati ya risasi na risasi inatosha kuzitenganisha kwa karibu sentimita 3. Angalia shinikizo la mtungi kwanza; kama limeshuka chini ya kiwango ambacho regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo, inafanya kazi, hakuna kulenga kutakakokuokoa. Kisha pitisha risasi kadhaa kwenye kipima mwendo.

Iliyotawanyika kulia na kushoto, nayo, usiharakishe kuulaumu upepo. Bunduki iliyoinama digrii 3 upande wa kulia, kiasi ambacho shavu lako halikihisi kabisa, inapeleka risasi kama sentimita 6 kulia kwa umbali huu, kwa sababu mwinuko wote ule uliouweka unalala pamoja nayo. Pimamaji ndogo inayofungwa kwenye darubini ni pesa chache, na kwangu ina thamani zaidi kuliko darubini ya gharama. Mkikuta mipigo inahama kulia na kushoto wakati uzi wa kuonyesha upepo haujacheza, tazameni kiputo cha pimamaji kwanza.

Na ile moja inayoruka mbali bila mpangilio? Risasi hizi zina kiuno chembamba na ukingo laini wa nyuma. Zikitikiswa ndani ya kopo zinapondeka. Zichague kwa jicho kabla ya kuziingiza. Tatizo likiendelea, ondoa hewa, hakikisha bunduki ni tupu, kisha chungulia mdomo wa sailensa. Michirizi inayong'aa ya risasi ndani yake ina maana zinakwaruza zikitoka, pengine kwa sababu imelegea.

Upepo ndio utakaokula muda wako mwingi. Tunafunga nyuzi za sufi kwenye vijiti, kimoja karibu na mtutu, kingine katikati ya njia. Ule wa karibu naupa uzito zaidi, kwa sababu risasi iliyosukumwa mapema inaendelea kuhama safari yote iliyobaki. Siku ya joto, mazigazi yanayotambaa mbele ya shabaha yanaonyesha upepo wa kule mbali ambako hakuna uzi. Uwanja wetu ni shimo la zamani la kuchimba mawe, na upepo humo ndani unazunguka, kwa hiyo badala ya kufuata kila badiliko nachagua hali moja, tuseme uzi wa karibu ukiwa umelala nusu kushoto, naingoja irudi, napiga katika hiyo tu.

Ukirekebisha kwa mil 1.2 na risasi inayofuata ikatua upande wa pili, usigawe kwa mbili ukatafuta katikati. Tazama uzi. Mara nyingi utakuwa umelegea wima, na risasi imekwenda mahali pale pale ulipoielekeza. Rudisha msalaba katikati kama upepo umekufa kweli, au wekeni bunduki chini, mnywe chai, mngoje uzi uinuke.