Kujenga nyumba ya mwingine: mahali pa kujifunza uongozi



Mwezi wa Februari 2025 kambi zilizozunguka mji wa Goma, kama vile Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilivunjwa. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia, wengi wakirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na wengi wao walikuta majani yameota mahali pa nyumba. Mwenye nguvu alikata miti akaanza upya. Lakini mjane, mzee asiye na mtoto wa kumsaidia, au mtu aliyepoteza mguu kwa vita, hawezi kupandisha manjanja peke yake. Watu wa namna hiyo wanahitaji kikundi cha kujitolea. Sisi tunaotembelea vikundi hivyo tunaamini kwamba kazi hiyo inafundisha uongozi kuliko semina zetu nyingi.

Wazee wetu wanajua salongo tangu wakati wa Mobutu: kazi ya pamoja, lakini kwa amri. Kwa hiyo kijana akisimama leo na kusema “njooni tujenge”, wengine wanasikia sauti ya kapita. Yeye hana askari wa kuwalazimisha wala mshahara wa kuwapa. Wakidharauliwa leo, kesho watakwenda kwenye mashamba yao, na hakuna atakayewalaumu.

Jambo gumu kuliko yote ni hili: nyumba ya nani itangulie? Tuseme kikundi kina miti ya kutosha nyumba 3, na majina ni 9. Shefu wa kijiji akichagua peke yake, hata akichagua vizuri, watu watasema amempa shemeji yake. Komite ikichagua kwa siri, watasema kabila fulani limependelewa. Katika vijiji ambamo Wahutu, Wahunde, Wanande na Watutsi wamekimbiana na kurudi kwa nyakati tofauti, orodha ya nyumba inaweza kuwasha moto upya. Dawa tunayoipendekeza ni kupatana kwanza juu ya sababu, kabla ya kutaja jina lolote: nani analala nje, nani ana watoto wadogo, nani hana ndugu wa kumjengea. Kisha majina yasomwe barazani mbele ya wote, akina mama wakiwepo, si kwa heshima tu. Wao ndio wanajua nani anazunguka usiku kuomba pa kulala, na mara nyingi ndio wanaoweza kusahihisha orodha.

Na kiongozi ambaye yeye mwenyewe bado analala chini ya bashe? Wengine wanasema angoje mpaka mwisho ili awe mfano. Sisi hatukubali. Mtu anayelowa mvua kila usiku huchoka haraka, na watoto wake hawana kosa. Apimwe kwa sababu zilezile kama wengine. Ila jina lake linapozungumzwa, atoke nje.

Kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, muulize kiwanja ni cha nani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya taifa, lakini vijijini wengi wamejenga kwa neno la chifu na ushahidi wa majirani. Mtu akikimbia miaka 3, mwingine aliyekimbia pia huweza kuwekwa palepale. Waiteni majirani wa pande zote 4, watembee kwenye mpaka pamoja na shefu, na muandike karatasi. Kukiwa na ugomvi, msijenge. Upelekeni kwanza kwa wapatanishi. Kikundi kikijenga juu ya ugomvi kimechagua upande, hata kama nia ilikuwa huruma.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Miti inasimamishwa, matete yanafungwa, kisha paa linawekwa kabla ya udongo kutiwa ukutani, maana mvua za Septemba hazingoji ukuta ukauke. Hapo fundi wa miaka 20 anamwambia mzee mwenye cheo alete maji, na mzee analeta. Mkuu asiyeweza kupokea amri ya fundi ni afadhali abaki nyumbani siku hiyo. Misumari nayo ihesabiwe asubuhi na jioni mbele ya wote, na anayeandika daftari asiwe yule anayeshika ufunguo. Misumari michache ikipotea bila maelezo, watu hawatakuamini juu ya manjanja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kijiji chenu, nani hana mtu wa kumjengea, na ni nani aliyewaambia hivyo? Kama mwenye shida kuliko wote ni wa kabila ambalo wengi wenu mnaliogopa, nani atakwenda kwanza kuzungumza naye, na nani kati ya watu wake atashika udongo pamoja nanyi? Daftari la vifaa liko kwa nani leo, na mjane anayejengewa amekwisha kuliona?